Uzito wa Mbele

Kuhusu magari najua jambo moja tu, nalo nililijua kwa kulikalia. Gari dogo likikokota tela, uzito wa tela ukae mbele ya magurudumu yake, upande wa gari. Ukiuweka mkiani, tela litainua pua, litalinyanyua gari kwa nyuma, na kwenye mteremko litaanza kutingisha mkia kama mbuzi mwenye kupe. Likianza hivyo usikanyage breki. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, na kama unajua kusali, sali. Wajukuu wangu wana vyeti vya udereva na hili hawalijui. Mimi sina cheti. Nina vidole vinane vya miguu.

Mwingereza alikuwa bado anatawala. Mume wangu alikuwa dereva wa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa upande wa Usa River. Tuliishi kambini kwenye shamba hilo, watu watatu: mimi, mume wangu, na baba mkwe wangu, ambaye alikuwa nyapara hapo tangu mume wangu ananyonya. Mama mkwe nilimkuta kaburini, nyuma ya migomba ya kambi. Kihamba, lile shamba la migomba la ukoo wao huko mlimani, kilikwisha kugawanywa kwa ndugu wengine, wao hawakupata hata pa kusimika jiwe la jiko. Kwa hiyo neno la yule bwana ndilo lililokuwa ardhi yetu. Akisema kaeni, tunakaa. Akisema tokeni, tunachukua masufuria.

Bwana alijiundia nyumba ya kutembea nayo. Sisi tuliiita tela, yeye alikuwa na jina lake. Ilikuwa chumba kimoja cha mbao na mabati juu ya magurudumu mawili, urefu hatua zangu nne, mlango kwa nyuma. Mbele kulikuwa na benchi pana la kulala. Nyuma, karibu na mlango, mke wake aliamuru wafunge jiko la chuma, kabati la vyombo na pipa la maji. Vyote vizito, vyote mkiani, vyote vimepigwa riveti na fundi Singasinga wa mjini. Fundi alisema, mume wangu alimsikia: memsabu, jiko hili likae mbele. Memsabu akajibu hawezi kulala na harufu ya mafuta ya kupikia. Fundi akapiga riveti, akachukua chake, akaenda.

Na gari lenyewe lilikuwa dogo, la kukohoa, la kubebea watu wanne wasioshiba. Siku ya kwanza kulikokota hilo tela kutoka banda la magari hadi geti la shamba, lilitingishika mpaka mbwa wa bwana akaruka dirishani. Mume wangu akasimama, akashuka, akavua kofia.

"Bwana, mzigo uko nyuma sana. Tupate kitu kizito tuweke mbele."

Memsabu akasema hataki gunia kwenye benchi lake, magunia yana viroboto. Mawe yatachubua rangi. Bwana akatazama huku na huku. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, na sikuwa mwembamba. Akanitazama kama anavyotazama ndama mnadani.

"Bibi yako iko ratili ngapi?"

Mume wangu akasema hajui. Basi wakanipeleka kwenye mizani ya kahawa. Nilipandishwa pale, miguu mitupu juu ya ubao, karani akasogeza chuma chake, wanawake wenzangu wakaacha kuchambua kahawa ili watazame.

"Leo wanapima buni yenye miguu," mmoja akasema.

"Ni daraja la kwanza hiyo. Haina hata tundu la mdudu."

"Muulize mumewe kama haina."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mume wangu alikuwa anatazama tairi. Karani akasoma: ratili mia na sitini. Bwana akafurahi, maana ndizo alizozitaka. Tangu siku hiyo kazi yangu ya kuchambua kahawa ikakoma, nikawa uzito wa tela. Memsabu alinitandikia gunia tupu kwenye benchi nisimchafulie, kumbe viroboto wa gunia tupu aliwakubali. Mbwa alikaa kwenye kiti cha gari pamoja naye. Mimi nilikaa kule nyuma peke yangu, mlango umefungwa kwa nje.

Usiniulize kama niliona uchungu. Niliona vumbi. Tulikwenda hivyo miezi kadhaa, mara Momela kwenye maziwa, mara mjini, na tela likatulia kama ng'ombe wa maziwa. Nilipoinuka kidogo kujinyoosha lilianza kucheza, nilipokaa lilitulia. Mume wangu aliniambia nyumbani, "Nikiwa kwenye usukani nakusikia. Ukisogea hatua moja nakusikia kwenye mikono." Hayo ndiyo maneno ya mapenzi aliyowahi kuniambia, kama yalikuwa hayo.

Halafu ikaja siku ya michezo ya wazungu mjini. Bwana alitaka kulionyesha tela lake kwa wenzake. Lilipakwa rangi upya, kijani chini na nyeupe juu. Asubuhi akamwita mume wangu na baba yake, akawasimamisha mbele ya tela, mimi nikiwa nimekwisha kufungiwa ndani na dirisha liko wazi. Akasema maneno machache na niliyasikia yote. Tela hili likipata hata mkwaruzo, dereva ataondoka shambani siku hiyo hiyo, na nyumba yenu yote. Mzee akajibu, "Ndiyo bwana." Miaka yote ya unyapara wake sikuwahi kumsikia akimjibu bwana neno jingine.

Mzee naye alikuwa na safari ya mjini siku hiyo. Jino lilikuwa limemvimbisha shavu mpaka jicho likawa dogo. Lakini hakuomba kupakiwa. Alitangulia kwa miguu na fimbo yake, tukamkuta Makumira kando ya barabara, ameegemea mti wa mgunga, anatema damu. Gari likasimama. Nikasikia bwana anasema, "Nyapara, panda nyuma." Na mzee akasema, "Ndiyo bwana."

Mlango ukafunguliwa, akaingia, ukafungwa.

Sasa nieleze jambo ambalo bwana hakulijua na asingelielewa. Kwetu, siku zile, mwanamke hakai na baba mkwe wake. Ukikutana naye njiani, wewe ndiye unayeingia kwenye migomba mpaka apite. Jina lake hulitaji, hata likiwa ni jina la kitu cha jikoni, kitu hicho unakitafutia jina jingine. Kiti alichokalia hukikalii. Kumtazama usoni ni matusi, kumgusa hakuna hata jina lake. Miaka minne niliishi naye kambi moja na sikuwahi kula mbele yake. Na sasa tumefungiwa kwenye sanduku la hatua nne, na mahali pa kukaa ni benchi moja tu.

Nikageuza uso ukutani. Gari likaondoka. Yeye akabaki amesimama, ameshika kabati.

"Ondoka hapo," akasema kwa Kimeru.

"Baba, nimeambiwa nisiondoke hapa."

"Na nani?"

"Na bwana."

"Bwana ndiye aliyetoa ng'ombe kwa baba yako?"

Tela lilikuwa linapanda, bado limetulia. Mbele kulikuwa na mteremko wa kwenda mtoni, ule mrefu kabla hujafika Tengeru, na mimi niliujua kwa tumbo.

"Baba, kuna mteremko. Mimi ndiye uzito."

"Wewe ni mke wa mwanangu. Nenda nyuma, ukae nyuma ya kabati, nisikuone."

Nilikwenda. Kwa hilo simlaumu mtu. Nilijua kabisa tela litafanya nini, na nilikwenda, kwa sababu nilimwogopa mzee kuliko mteremko. Nikakaa chini kati ya jiko na mlango, nikajifunika kanga kichwani. Yeye akakaa pale kwenye benchi. Alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe. Zile ratili mia na sitini zilikuwa zimetoka puani zikaenda mkiani, na badala yake mbele wameweka mzee mwenye jino.

Mume wangu alinisikia nikisogea. Nina hakika, maana gari lilipunguza mwendo ghafla kidogo, kama mtu anayeuliza swali. Lakini bwana alikuwa pembeni yake na michezo ilikuwa inaanza saa nne. Akaendelea.

Kwenye mteremko mkia ulicheza mara moja, taratibu. Kisha mara ya pili. Ya tatu sahani zikatoka kabatini. Niliona mzee ameshika benchi kwa mikono miwili, mdomo wazi, damu ya jino ikimchuruzika kidevuni, na hakuniita. Mume wangu hakukanyaga breki, alifanya yote aliyofundishwa, lakini gari dogo halimshindi tembo aliyelishika mkia. Tela likatuvuta kushoto, likatuvuta kulia, kile chuma cha kukokotea kikakatika, tukalala mtaroni ubavu. Riveti za fundi zilishika kila kitu isipokuwa mguu mmoja wa jiko. Jiko likainama likanikalia mguu wa kulia.

Walipofungua mlango, memsabu alitazama sahani. Bwana alipapasa ile rangi mpya, kijani na nyeupe, ilivyochunika mpaka bati. Mzee alitoka kwa miguu yake, hata fimbo hakuipoteza. Mimi nilitolewa na mume wangu, na vidole viwili havikutoka.

Bwana akamgeukia mzee. "Nani alikuwa mbele?"

Hapo ndipo palikuwa na kila kitu chetu. Kambi, migomba, kaburi la mama mkwe, kazi ya dereva, kazi ya nyapara. Na mzee angesema nini? Aseme yeye ndiye aliyeniondoa, kwa sababu ya adabu ya watu asiowajua bwana? Aliwaza kwa muda wa kutema mate mara moja.

"Mimi, bwana. Huyu nilimkuta amelala usingizi huko nyuma."

Bwana akamtazama mume wangu. Nilikuwa nimekaa kwenye majani, nimeshika mguu kwa kanga, damu inapita kati ya vidole vyangu vya mkono. Nami nikamtazama mume wangu. Alikuwa amenisikia kwa mikono yake. Alijua nilikuwa wapi mpaka Makumira na nilisogea lini.

"Ndivyo alivyo, bwana," akasema. "Ni mvivu. Hata kwao walinionya."

Angenipiga ningesahau. Lakini kutia kwetu mdomoni, kumtia mama yangu mdomoni mbele ya mzungu, hilo sikusahau.

Bwana akatoa hukumu yake palepale barabarani. Dereva atabaki, nyapara atabaki. Mwanamke asionekane tena kwenye shamba lake. Basi wanaume wawili wakapona kwa mgongo wangu, na mimi nikapanda mlima kwa mguu mmoja na kisigino, mguu umefungwa kwa jani la mgomba na kamba ya mgomba, mpaka nyumbani kwa baba yangu. Mama alikuwa anapalilia. Aliutazama ule mguu.

"Vidole viko wapi?"

"Barabarani."

"Na mumeo?"

"Kazini."

"Haya, ingia. Ila usidhani umekuja kukaa. Wale ng'ombe wamekwisha kuzaa, hatuwezi kuwarudisha."

Nilikaa misimu miwili ya kahawa. Nilisikia habari za kule chini, shambani. Bwana alilitengeneza tela, safari hii akaweka magunia mawili ya mahindi pale mbele, memsabu apende asipende. Magunia mawili yalifanya kazi yangu, na uzuri wake hayakuwa na mkwe. Kuhusu mimi walisema kambini kwamba nililala usingizi, na wale wachambuzi wa kahawa wakapata utani mpya: buni ikilala, inaoza.

Siku moja mume wangu akapanda mlimani. Alisimama nje ya uzio, amevaa kofia ya kazi. Alisalimia wazazi wangu vizuri, shikamoo zake zote. Kisha akaniambia baba yake ni mgonjwa, tumbo limevimba, hawezi kukaa. Bwana ametoa gari na tela ampeleke hospitali ya misheni, lakini tela lirudi kabla ya saa kumi, zima.

"Mpeleke," nikasema.

"Amelazwa kwenye benchi. Magunia nimeyatoa, hayakupata nafasi. Na baba amekwisha, hana uzito hata wa mbuzi. Jiko na pipa vipo kule kule."

"Kwa hiyo umekuja kuchukua mke au umekuja kuchukua uzito?"

Alifikiri. Huyo mtu hakuwa mwongo kwa asili, alikuwa mwoga tu.

"Vyote."

"Na bwana?"

"Bwana anasema unaweza kurudi. Panya wanakula mahindi."

Nilicheka, mama akatoka jikoni kutazama kuna nini. Kisha nikafunga kanga, nikashuka naye. Alidhani nimesamehe, akawa ananishika mkono penye utelezi.

Tela lilikuwa barabarani, Makumira, karibu na ule mgunga. Mzee alilala benchini chini ya blanketi, macho ya njano. Niliingia. Sikumgeuzia mgongo. Nilikaa pale pale kwenye ukingo wa benchi, magoti yangu yakigusa ubavu wake, na nikamtazama usoni. Ni mara ya kwanza nilijua kwamba ana kovu kwenye nyusi.

Alijikaza kugeukia ukuta, tumbo likamkatalia.

"Sogea," akasema.

"Nikisogea, baba, tela litayumba."

Gari likaondoka. Tulipofika kichwa cha mteremko nilijua, tumbo langu lilijua. Nikasubiri mpaka mume wangu ameingiza gia ndogo na pua imeinama. Ndipo nikasimama. Nikapiga hatua moja kuelekea nyuma, na tela likaanza kucheza, taratibu, kama linanikumbuka.

"Mke wa mwanangu," mzee akasema.

"Nilikuwa nimelala, baba?"

Nikainua mguu nipige ya pili. Sahani zikagongana kabatini. Akatoa mkono chini ya blanketi, akanishika kanga, kisha akanishika kifundo cha mkono, mkono mtupu, ngozi kwa ngozi, yeye ambaye nilimpisha kwenye migomba miaka minne. Ulikuwa mkono wa baridi.

"Hukulala," akasema. "Kaa. Hukulala."

Nikakaa. Tela likatulia. Chini kabisa, karibu na daraja, mume wangu akasimamisha gari akaja mbio, akafungua mlango, jasho linamtoka.

"Unafanya nini? Unataka kutuua?"

"Mwambie, baba," nikasema. "Mwambie ulichoniambia."

Mzee alifumba macho. Machozi yalikuwa yanamtoka kuelekea masikioni, kwa vile amelala chali. "Hakulala siku ile. Mimi ndiye nilimwondoa mbele."

Mume wangu alisimama na mkono kwenye mlango. Akatazama barabara, akatazama jua.

"Najua," akasema. "Nilijua siku ile ile. Haya, kaa vizuri mbele, twende, saa kumi si mbali."

Nilikaa vizuri mbele. Nilikaa mpaka hospitali, na sikuinuka hata palipopanda. Tulimshusha mzee, manesi wakampokea. Mume wangu akakunja blanketi, akafungua mlango wa tela, akaushikilia nipite kama memsabu.

"Panda."

Nikamwambia mimi nimefika. Akadhani nataka kubaki na mgonjwa. Nikamwambia naenda nyumbani kwa miguu, kwa baba yangu, na vidole vyangu vinane vinatosha.

"Na tela?" akasema. "Tela nitalirudishaje?"

Hakuuliza habari yangu, hakuuliza habari ya ndoa. Na mpaka leo sijui kwa nini lilinishangaza.

Angeweza kutia mawe. Meru ina mawe mengi kuliko watu, na pale hospitali palikuwa na rundo la kujengea. Angenyenyekea kwa manesi wampe magunia mawili ya mchanga. Lakini mwanaume aliyezoea kukalisha mtu hafikirii jiwe. Nilimwona anazunguka tela mara mbili, anatazama saa yake, kisha anapanda gari na kuondoka, pua ya tela imeinuka juu, gari limenyanyuka nyuma. Nilikuwa najua. Ningeweza kumpigia kelele nimwambie weka mawe. Nilifunga kanga vizuri nikaanza kupanda.

Jioni nilikuwa jikoni namenya ndizi na mama. Jirani mmoja akaja mbio kutoka barabarani. Tela la yule mzungu limelala mtaroni, akasema, karibu na mto, ng'ambo ya pili safari hii, na gari liko juu yake. Bwana mwenyewe ameletwa na lori, amesimama pale anatukana. Dereva wake amekaa kwenye majani, ameambiwa asirudi hata kuchukua masufuria.

"Ameumia?" mama akauliza.

"Hapana. Hata mkwaruzo."

Mama alinitazama. Nikachukua ndizi nyingine.